Tulipu Hazilali

Coralie Bracken aliponiambia kwamba ameshaagiza mayungiyungi meupe kwa ajili ya harusi yangu, nilikuwa na skonzi mdomoni, na hiyo skonzi ndiyo iliyomwokoa. Mdomo ungekuwa mtupu, ningesema maneno ambayo Kasisi Philippa angeniombea mwezi mzima.

"Meupe pee," akasema, huku akijipangusa makombo kifuani. "Makubwa makubwa. Kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, pande zote mbili. Utapita katikati, watu wote wakikutazama."

"Coralie," nikasema nilipofaulu kumeza, "hayo ndiyo uliyoweka kwenye mazishi ya Ron."

"Na kila mtu aliyasifu."

"Sasa mimi nipite palepale, katikati ya maua yaleyale, nikaolewe na Des?"

"Maua hayana kumbukumbu, mwenzangu," akasema, akajimiminia chai nyingine.

Mimi ninazo. Ron alikuwa mume wangu tangu nikiwa msichana. Nilipita katikati ya yale mayungiyungi nyuma ya jeneza lake, dada yangu kanishika mkono huu, daktari kanishika huu, na ile harufu ilinikaa puani mpaka Krismasi. Hata leo nikiisikia nje ya duka la maua navuka barabara. Na Des nampenda. Ni mkulima wa viazi, mgane, mtu wa maneno machache na kucha chafu, na sikutaka kumfikia pale mbele huku nalia machozi ya mwanamume mwingine. Hilo tu. Sikuwa naomba makubwa.

Lakini hapa Calder Bay maua si kitu cha kuomba. Anayeshinda Kombe la Maua kwenye maonyesho ya mwezi wa kumi ndiye anayepamba kanisa mwaka mzima: harusi, ubatizo, mazishi, kila kitu. Ndivyo ilivyo tangu enzi za mama yake Coralie. Mama alipokufa kombe likahamia kwa binti, na tangu hapo halijatoka kabatini mwake ila kwenda kung'arishwa. Bibi harusi wa hapa hujichagulia mume, maua anachaguliwa.

Harusi yetu ilipangwa muda mfupi tu baada ya maonyesho. Kwa hiyo nilibaki na njia moja, nayo ni kumnyang'anya Coralie kombe lake.

Na msidhani mikono sina. Mwaka uliotangulia kombe nusura liwe langu, likaniponyoka kwa sababu ya jani. Kila pambo huwekwa ndani ya fremu ya mbao, kama kabati lisilo na mlango, na sharti la Coralie, mwenyekiti wetu, ni kwamba hakuna kitu kinachoruhusiwa kutokeza nje ya fremu. Ncha ya jani langu moja ilitokeza kidogo, upana wa ukucha! Coralie alimwita jaji, akamwonyesha kwa kidole, nikabandikiwa kadi nyeupe: KINYUME NA MASHARTI. Wiki nzima watu waliniuliza habari za jani.

Basi nikaenda kulalamika kwa jirani yangu Nerida, kwenye ua wa nyuma, ambako ndiko tunakomalizia hasira zetu. Nerida Pask amefundisha sayansi ya mimea chuo kikuu huko Hobart mpaka akastaafu. Alipojiunga na Chama chetu cha Maua alileta pambo lake la kwanza: maua yamesimama mstari mmoja, kila moja ndani ya kichupa chake cha maabara, kuanzia fupi mpaka refu. Coralie akamuuliza, "Hawa wanasubiri kuitwa majina?" Nerida alicheka kuliko watu wote, na kuanzia siku hiyo nikampenda.

"Mwaka huu mnashindania nini?" akaniuliza.

"Tulipu. Na mada ni 'Upepo'."

"Na jaji anakagua saa ngapi?"

"Zamani ilikuwa Ijumaa hiyohiyo, ukimaliza tu kupanga. Sasa jaji anatoka Launceston, hafiki mpaka Jumamosi asubuhi. Mapambo yatalala ukumbini."

Nerida akaweka mkasi wake chini taratibu. "Yatalala ukumbini," akasema. "Tulipu. Glenys, tulipu hazilali! Ukiikata, hakuna anayeiambia kwamba imekatwa. Yenyewe inaendelea kurefuka, na inaufuata mwanga."

"Najua. Ndiyo maana tunatia senti ya shaba kwenye maji. Inazituliza."

Alicheka mpaka akashika uzio. "Senti? Shoga yangu, senti inakaa pale chini inaoga tu. Mama yako alifanya hivyo?"

"Na bibi yangu. Na Coralie. Kila mtu!"

"Kila mtu!" akarudia, akipangusa macho. "Njoo ndani."

Akanieleza mezani, kwa kutumia kipande cha jibini na kijiko. Shina la tulipu, anasema, upande ulio kivulini hurefuka haraka kuliko upande ulio kwenye mwanga, na ndivyo ua zima linavyosukumwa kuinamia kule mwanga unakotoka. Ukijua mwanga utatoka wapi na kwa muda gani, utajua ua litakuwa wapi kesho yake. Mimi nilikuwa nimepanga maua maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilimuuliza kwa nini kwenye Chama anakaa kimya. Akasema hakuna aliyemuuliza, wanamuuliza tu kama maziwa yapo.

Chumba changu cha kufulia kikageuka maabara. Maboksi yalijaa mpaka juu ya mashine, kila boksi limetobolewa tundu upande mmoja, na ndani yake tulipu. Des alikuja kuchukua ovaroli yake, akachungulia boksi moja, akalifunga polepole.

"Kuna nini humu?"

"Tulipu."

"Zimefanya kosa gani?"

Nikamfukuza.

Nerida alikuwa fundi wa kutabiri. Anasema hii itainama kushoto, kesho yake imeinama kushoto. Lakini jamani, umbo! Mapambo yake yalionekana kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilipunguza maua, nikatafuta tawi kavu lililopindwa na upepo wa pwani, nikaliegemeza upande wa kulia, na upande wa kushoto nikaacha wazi kabisa ili tulipu zipate pa kuelekea zikianza safari yao. Tuligombana sana. Yeye anataka kupima, mimi nataka kuangalia. Nilimwita mwalimu wa hesabu, akaniita mpiga ramli. Mpaka siku moja tulifungua boksi asubuhi, tukasahau kugombana.

"Unapanga maua ambayo bado hayapo," Nerida akasema.

"Yatakuwepo," nikamjibu.

Kulikuwa na tatizo moja. Pambo letu lilihitaji kona ya jikoni, pale ambapo mwanga unaingia ukumbini kupitia kidirisha cha kupitishia vyombo tu, upande wa kushoto. Na anayegawa nafasi ni Coralie. Tukafikiri. Nerida akasema njia ya kupata kona ni kuomba dirisha, tena kwa sauti. Mimi kuigiza sijui. Kwenye igizo la shule walinipa niwe mti. Lakini Ijumaa mchana nikajikaza, nikasimama katikati ya ukumbi, nikasema watu wote wakisikia:

"Coralie, mpenzi, mwaka huu nakuomba unipe meza inayotazama dirisha. Tulipu zinapenda mwanga."

Nikaona macho yake yanavyokwenda dirishani na kurudi.

"Kweli zinapenda," akasema. "Basi pale nitakaa mimi. Wewe nenda kona ya jikoni, kando ya birika kubwa."

"Coralie! Kule giza!" Sauti ilinitetemeka kwa kicheko nilichokuwa nakibana, naye akadhani ni kilio.

"Usilie, Glenys. Ni maua tu."

Nerida ilibidi atoke nje akajifanye anatafuta gari lake.

Sitamdhulumu Coralie: pambo lake lilikuwa zuri. Tulipu nyekundu zimesimama wima, majani makavu yamepinda kwa chini, zimejaa fremu yote bila kugusa mpaka. Alipima kwa rula yake mwenyewe, juu, chini, mbele, mpaka wembe usingepita. Kisha akadondosha senti za shaba kwenye chombo, moja moja, kwa fahari.

Halafu akaja kutazama langu. Tulipu za manjano, fupi, zimekusanyika chini ya tawi kama watoto waliozuiwa kutoka nje. Upande wa kushoto hakuna kitu.

"Hii nini?"

"Upepo."

"Mbona umetulia?"

"Haujaanza kuvuma."

Ukumbi mzima ulicheka. Acha wacheke. Coralie akafunga mlango, akautia ufunguo kwenye pochi yake, akaenda nyumbani kwake akiimba.

Jumamosi asubuhi alifungua mlango mwenyewe, sisi wote nyuma yake, pamoja na jaji, Bi Hesketh, mwanamke mrefu mwenye rula ya chuma. Coralie alipiga hatua chache tu, akaganda.

Tulipu zake zote zilikuwa zimetoka nje ya fremu. Zimenyoosha shingo kulifuata dirisha, vichwa vimefunguka, nyingine zimepanda juu kupita ubao, moja imelala kabisa juu ya meza ya watu. Upepo, kama ulikuwepo, ulikuwa unatoka nyuma ya ukuta.

"Nani amegusa maua yangu?" Coralie akapaza sauti. "Nauliza, nani ameingia humu?"

"Ufunguo unao wewe, Coralie," Kasisi Philippa akasema kwa upole.

Bi Hesketh akapitisha rula yake ya chuma kwenye ukingo wa fremu, tulipu zote zikawa upande wa nje. Akatoa kadi nyeupe. Coralie akaipokea mwenyewe. Sharti lile lilikuwa lake.

Halafu wakaja kwenye kona yetu, na mimi nikaogopa kutazama. Nerida akanifinya mkono. Nikatazama. Zilikuwa zimefanya vilevile kama ndani ya boksi! Zimetoka chini ya tawi, zimerefuka, zimeinama zote kuelekea kushoto, ndefu mbele na fupi nyuma, zimeijaza ile nafasi tupu bila hata moja kuvuka ubao. Ule ndio upepo wetu wa magharibi hasa, ule unaokupindua mwavuli ukitoka posta. Kwa dakika ile nilimsahau Coralie, nikasahau hata kombe. Nilifurahi tu.

"Nani kapanga hii?" Bi Hesketh akauliza.

"Mimi na jirani yangu," nikasema. "Na zenyewe."

Nikapewa kombe. Nilibusu kombe, nikambusu Nerida, nikambusu Des ambaye alikuwa kaja na gunia la viazi vya jikoni na hakujua kinachoendelea. Kisha nikapanda kwenye kiti, umri wangu huu, nikatangaza:

"Harusini kwangu hakuna yungiyungi! Hata moja!"

Watu wakapiga makofi. Coralie akasubiri wamalize. Alikuwa ameshatengeneza kofia yake vizuri.

"Hongera, Glenys. Umeshinda kihalali. Ila kuna lile sharti la mama."

Nikalikumbatia kombe palepale juu ya kiti.

"Anayeoa, anayeolewa na anayezikwa hajipambii kanisa," Coralie akasema, kila neno peke yake. "Mwenye kombe asipoweza, anapamba mwenye kombe aliyemtangulia."

"Ndiyo nani huyo?" Des akauliza, maskini, mtu pekee ukumbini aliyekuwa hajui.

"Ni mimi," Coralie akasema.

Kasisi Philippa akawa anatazama viatu vyake. Nerida akanishusha kwenye kiti.

"Umekaa kwenye Chama hiki miaka yote, sharti hilo hulijui?" akanong'ona.

"Nalijua!" nikasema. "Nalijua kwa moyo. Nilisahau kwamba bibi harusi ni mimi."

Hakuna mwenye kombe aliyewahi kuolewa akiwa nalo, mjue. Wote wawili waliolishika, mama na binti, walikuwa wameshaolewa zamani, na mmoja alizikwa. Nilikuwa nimepanga kila kitu, mwanga, tawi, kona, mpaka machozi ya uongo, na kilichonishinda ni kukumbuka mimi ni nani.

Nilikwenda kwa Coralie na keki. Aliipokea keki, akaniacha mlangoni.

"Coralie, nakuomba. Weka chochote. Weka vitunguu. Mayungiyungi tu usiweke. Siwezi kupita tena katikati ya yale maua yakinitazama, nakwambia kweli, siwezi."

Akaihamishia keki mkono wa pili. "Mpambaji hashauriwi, Glenys," akasema, lakini si kwa ile sauti yake ya siku zote. Kisha akafunga mlango.

Des alisema ataoa hata ndani ya banda la viazi. Nikamwambia usinijaribu. Usiku nilikuwa nageuka kitandani nikiisikia ile harufu ambayo haikuwepo. Na Nerida akaanza mambo ya ajabu. Nikimwita uani anasema ana haraka. Siku moja nikaliona gari lake nje kwa Coralie, nikamvizia arudi.

"Ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikunywa chai."

"Na Coralie?"

"Aliniuliza swali la kisayansi, nikalijibu. Nimefundisha maisha yangu yote, mtu akiniuliza swali siwezi kujizuia."

"Swali gani?"

"La kisayansi."

"We Nerida! Uko upande gani wewe?"

"Ule wa kivulini," akasema, akaingia kwake haraka. Sikulala siku hiyo kwa hasira.

Kuanzia Alhamisi kanisa likafungwa, ufunguo ukarudi kwenye pochi ya Coralie. Asubuhi ya harusi dada yangu alinifikisha mlangoni, na mimi nikasimama kwenye kizingiti, nikafumba macho, nikanusa. Sikutaka kuona kwanza. Nilitaka pua iniambie.

Nilisikia harufu ya nta ya sakafu. Na ya viazi, kwa mbali, kwa sababu ya ndugu zake Des. Basi.

Nikafumbua macho. Kulikuwa na tulipu kwenye kila dirisha la kanisa, kulia na kushoto, vyombo kwa vyombo, nyekundu, manjano, zambarau, nyingi kuliko nilizowahi kuziona nje ya shamba. Na zote zilikuwa zimetupa kisogo. Zote! Zimejaa madirishani zinachungulia nje, zimegandamiza sura kwenye vioo, shingo zimepinda kwa bidii, na sisi tuliokuja harusini tunatazama migongo yao. Wageni walikuwa wameshaanza kutikisika mabega. Coralie alikaa benchi la mbele na kofia mpya, anatazama mbele kwa heshima zote. Kando yake alikaa Nerida, anahesabu boriti za dari.

Kicheko kilinitoka kabla sijapiga hatua. Nilijaribu kukigeuza kikohozi, kikakataa. Mara ya mwisho kupita katikati ya mabenchi yale nilishikwa mikono nisianguke, na safari hii pia dada yangu alinishika nisianguke, maana nilikuwa nimejikunja tumbo nacheka machozi, na kanisa zima linacheka nami. Sikumkumbuka Ron kwa uchungu hata kidogo. Nilimkumbuka kwa sababu angecheka kuliko sisi wote.

Nilipofika mbele nikamwinamia Coralie.

"Umenifanyia nini, mwanamke wewe?"

"Ulisema hutaki kupita katikati yake yakikutazama," akasema bila kugeuza kichwa. Kidevu kilikuwa kinamcheza. "Haya. Hayakutazami."

Nikambusu juu ya kofia yake, manyoya yakaniingia mdomoni. Des akaninong'oneza, "Yametususia?" nikaanza upya. Kasisi Philippa alipouliza kama namkubali Desmond awe mume wangu nilikuwa siwezi kusema, naye akanisubiri, akauliza tena, mpaka Coralie akanisemesha kutoka benchi la mbele, kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Mjibu basi, Glenys, mwanamume anangoja!"

Nikamjibu.